Diski iliyoonekana tupu: kisa cha studio moja ya Pemba

Mandhari

Studio yenyewe ipo katika mji mmoja wa Pemba. Nimeondoa jina, mtaa na mambo ya familia yanayoweza kumtambulisha mtu. Mambo ya kompyuta nimeyaacha kama yalivyokuwa, maana ndiyo yenye faida kwa msomaji.

Picha za pasipoti na kudurufu karatasi ni kazi za kusukumia siku tu. Kazi yenyewe hasa ni harusi. Karafuu zikiwa nzuri harusi hufuatana, na daftari la oda hujaa mpaka pambizoni. Harusi za kwetu zina pande mbili, na studio hii imejipanga hivyo hivyo. Ndoa msikitini na mambo ya bwana harusi hupigwa na kijana wa dukani. Upande wa wanawake hupigwa na mwenye studio, ambaye nitamwita Bi Mkubwa kama wanavyomwita wote pale, pamoja na binti yake. Video za upande huo hazitazamwi na mwanamme yeyote, fundi akiwemo. Watu humpa kazi kwa sababu wanajua analisimamia hilo.

Kompyuta ni moja ya mezani, yenye diski mbili ndani. Ya kwanza ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 256 yenye Windows 11, ambako kijana anahariri. Ya pili ni diski ya kuzunguka ya TB 2, na hii ndiyo yenye Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, uliowekwa na mpwa wa Bi Mkubwa kabla hajavuka kwenda kusoma Unguja. Mpwa aliigawa vipande viwili, ndivyo viitwavyo patisheni: ya kwanza ya GB 100 kwa ajili ya Linux yenyewe, na iliyobaki yote ikawa ghala la video. Patisheni zote mbili zilikuwa za ext4, mfumo wa faili (yaani namna ya kupanga mafaili kwenye diski) ambao Linux imekuwa ikiutumia kwa kazi ya uhakika tangu mwisho wa mwaka 2008. Kompyuta ikiwashwa, inauliza: Linux au Windows?

Alikuwa na sababu mbili, na zote zina mantiki. Flashi za wateja huja na virusi, navyo vingi ni vya Windows. La pili, Windows inasoma mifumo ya NTFS, FAT32 na exFAT, lakini ext4 haiijui. Kwa hiyo anayekaa upande wa Windows haoni ghala la video za wanawake. Bi Mkubwa akajifunza Kdenlive, programu ya kuhariri video, kwenye Linux, akawa anahariri huko peke yake, na kijana akabaki Windows. Kila mtu na mlango wake.

Mpango huo ulianza kulegea SSD ilipojaa. Video za ndoa msikitini zilizokwisha nazo zikahamishiwa kwenye ghala la Linux, kwa kuwa ndiko kulikobaki nafasi. Kuanzia hapo kijana alikuwa na kazi zake mahali ambapo Windows yake haifiki.

Kilichotokea

Mteja mmoja alikuja kutaka nakala ya video ya ndoa ya mwaka uliopita, ampelekee jamaa yake Oman. Bi Mkubwa alikuwa harusini na kamera, na mteja yuko kaunta anasubiri. Kijana yuko ndani ya Windows na kazi nyengine inaendelea, hataki kuizima ili awashe Linux.

Katika orodha ya diski kulikuwa na E:, isiyo na mstari wa kuonesha nafasi. Kijana aliijua ni diski kubwa. Akaibofya. Kidirisha kikatokea kikimwambia kwamba diski iliyo kwenye E: inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, je, anataka kuifomati? Alishakiona kidirisha hicho mara nyingi na kila mara alikifunga. Siku hiyo, mteja akiwa anamtazama, aliona diski ina hitilafu na kompyuta yenyewe inampa dawa. Akakubali. Alama ya kufomati kwa haraka ilikuwa tayari imewekwa, mfumo uliochaguliwa ni NTFS. Sekunde chache, kazi imekwisha. E: ikafunguka nyeupe, na TB 1.7 za nafasi.

Akadhani mafaili yamejificha tu. Akanakili humo folda moja ya picha za pasipoti kuona kama diski inapokea. Ikapokea. Hapo ndipo aliponipigia simu mimi, fundi.

"Kaka, E imefunguka lakini haina kitu."

Jibu lilikuwa moja: asiweke kitu chengine, asiendeshe programu yoyote ya kutengeneza diski, azime na asiwashe mpaka nifike. Kwa bahati njema alitii.

Herufi E: ilitoka wapi

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililoanzisha yote, na wengi hawalijui.

Linux na Windows zikikaa kwenye kompyuta moja, kwa kawaida Windows haiziulizi patisheni za Linux kitu. Haizipi hata herufi. Patisheni ya kwanza ya diski hii, ile yenye Linux Mint, haikuwahi kutokea upande wa Windows. Ni hii ya pili tu iliyokuwa na herufi na kidirisha chake. Kwa nini moja ionekane na nyengine isionekane, na zote ni ext4?

Katika jedwali la GPT, linaloorodhesha patisheni za diski, kila patisheni ina msimbo wa aina yake, na msimbo huo haulazimiki kulingana na kilichomo ndani. Diski ile ilikuwa ya NTFS zamani. Mpwa aliipunguza patisheni ya zamani, akaacha programu ya kusakinisha Linux itengeneze patisheni mpya mbele yake, na hiyo ikapata msimbo sahihi wa Linux. Ile ya zamani hakuifuta. Aliifomati palepale kwa mkfs.ext4. Amri hiyo huandika ext4 ndani ya patisheni lakini haigusi jedwali la nje, kwa hiyo msimbo ukabaki ule ule wa data za Windows. Kwenye gdisk, programu inayosoma jedwali hilo, ilionekana wazi: ile ya Linux 8300, ile ya ghala 0700.

Windows ilipokutana na 0700 ilijua hii ni yake, ikaipa herufi. Ilipotazama ndani haikutambua kitu, ikahitimisha kwamba diski haijafomatiwa. Haikusema "siijui", ilisema "ifomati".

Uamuzi wa kwanza: kungoja diski nyengine

Nilipofika tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kupeleka diski kwa wataalamu wa kuokoa data Dar es Salaam. Bi Mkubwa aliikataa kabla sijamaliza sentensi. "Mwanangu, hizi ni harusi za watu. Zikafunguliwe na nani huko?" Hapakuwa na la kujadili.

Ya pili ni kuanza matengenezo palepale juu ya diski yenyewe. Ni ya haraka, na mteja wa Oman alikuwa anapiga simu. Lakini kila amri ya kutengeneza huandika, na ikikosea hakuna pa kurudi. Ya tatu ni kutafuta diski ya ukubwa ule ule au zaidi, kunakili kila kitu herufi kwa herufi, kisha kufanya kazi juu ya nakala. Diski ya namna hiyo haikupatikana mjini. Ililazimu iagizwe Unguja, ije kwa boti mpaka Mkoani.

Tukangoja. Kijana aliona ni kupoteza muda, na ukitazama kwa macho ya mwenye duka lililofungwa nusu, hakuwa na makosa kufikiri hivyo. Ila subira hiyo ndiyo iliyotupa nafasi ya kujaribu bila hofu baadaye.

Jambo moja lilitupa matumaini: ghala lilikuwa kwenye diski ya kuzunguka. Kufomati kwa haraka hakufuti mafaili, huandika jedwali jipya tu juu ya kipande kidogo. Ingekuwa SSD, habari ingekuwa nyengine kabisa, maana Windows inapofomati SSD huiambia pia kwamba nafasi yote ile haihitajiki tena, na SSD huisafisha yenyewe. Hapo hakuna fundi.

Diski ilipofika niliwasha kompyuta kwa Linux Mint ya kwenye flashi, ili hata Linux ya kwenye diski isiguswe, nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski nzima. Kabla ya kubonyeza, nilihakikisha ipi ni ipi kwa namba za kiwandani:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
ddrescue -f /dev/sdb /dev/sdc /media/mint/flashi2/ramani.map

Hapo sdb ni diski ya asili na sdc ni mpya. Neno la mwisho ni faili la ramani, linaloandika wapi pameshanakiliwa. Nililiweka kwenye flashi ya pili, kwa sababu Linux ya kwenye flashi huishi kwenye kumbukumbu ya muda, na ukizima nayo hupotea. Umeme ulikatika katikati ya kazi. UPS ya studio, yaani betri ya akiba, ilitosha kuzima kompyuta kwa heshima, basi. Uliporudi, amri ile ile na ramani ile ile, ddrescue ikaendelea pale ilipoachia. Diski ya TB 2 huchukua saa nne mpaka tano hata mambo yakienda vizuri, na kwa umeme wetu sishauri mtu aifanye kazi hii bila ramani.

Kuirudisha ext4

Ext4 ina ukurasa wake mkuu, unaoitwa superbloku, ambao unaanza baiti 1024 kutoka mwanzo wa patisheni. Ukurasa huo ndio unaosema patisheni ina ukubwa gani na majedwali yako wapi. NTFS ilishaufunika. Lakini waliobuni mfumo huu walijua mwanzo wa diski ni mahali pa hatari, wakaweka nakala za superbloku ndani zaidi: katika kundi la 1, na katika makundi yenye namba za vipeo vya 3, 5 na 7. Kwa bloku za KB 4, nakala ya kwanza ipo bloku ya 32768, yaani MB 128 kutoka mwanzo, na inayofuata 98304.

Kwenye nakala yetu nilianza kwa kutazama tu, kwa e2fsck, programu ya kukagua na kutengeneza ext4:

e2fsck -n -b 32768 -B 4096 /dev/sdc2

Herufi -n ina maana "jibu hapana kwa kila swali", kwa hiyo haiandiki kitu. Ikasoma. Superbloku ya akiba ilikuwa nzima, na ikaanza kumwaga malalamiko mengi, jambo ambalo katika hali hii ni habari njema: ingekuwa hakuna ext4 isingekuwa na cha kulalamikia. Nikarudia bila -n na kuiacha ijibu ndiyo. Juu ya diski ya asili nisingethubutu.

Kuna kitu kimoja kilichobaki ambacho ni rahisi kukipita. Ext4 haitumii baiti 1024 za mwanzo, na alama ya NTFS imekaa humo humo. Kwa hiyo hata baada ya kutengenezwa, patisheni ilikuwa na alama mbili: ya ext4 na ya NTFS. Linux ilisita kuifungua, na Windows ingeendelea kuiona kuwa ni yake. Amri ya wipefs, ikielekezwa kwenye alama ya ntfs peke yake, iliiondoa bila kugusa chengine.

Folda zisizo na majina

Tulipofungua, kulikuwa na folda moja tu: lost+found, ambamo e2fsck huweka vilivyokosa pa kukaa. Ndani yake folda nyingi zenye majina kama #13107201.

Zile picha za pasipoti zilizonakiliwa baada ya kufomati ziliangukia karibu na mwanzo wa patisheni, ambako ext4 inaweka jedwali la inodi za kwanza (inodi ni kama kadi ya kila faili au folda, inayosema data zake ziko wapi), pamoja na inodi ya folda mama. Folda mama ilipokufa, majina yaliyokuwa ndani yake yalikufa nayo. Majina hayo ndiyo yaliyokuwa ya familia: harusi ya fulani, mwezi fulani. Folda zenyewe zilisalimika kwa sababu ext4 hutawanya folda za ngazi ya juu sehemu mbalimbali za diski. Kilichomo ndani kilikuwa na majina yake kamili, lakini majina yenyewe ni yale ya kamera, herufi na namba tu. Zote zinafanana.

Njia nyepesi ya kujua folda ni ya nani ni kufungua video na kutazama. Hilo halikuwezekana kwangu wala kwa kijana. Na Bi Mkubwa na binti yake wasingeweza kukaa kutazama mamia ya video huku harusi nyengine zikiwangoja.

Kilichookoa ni daftari la oda. Bi Mkubwa huandika tarehe ya shughuli, jina la mwenye harusi, na kama ni upande mmoja au pande zote mbili. Mimi nilitoa kwenye Linux orodha ya folda, tarehe za mafaili yaliyomo na ukubwa, bila kufungua hata moja, nikaichapisha. Wao wawili wakakaa na karatasi upande huu na daftari upande huu, wakipiga alama. Tarehe ikilingana na harusi moja tu, imekwisha. Zikiwa harusi mbili siku moja, binti hufungua sekunde chache kwenye skrini iliyogeuzwa ukutani, anafunga, anataja jina.

Tarehe kadhaa zilikataa kulingana, zikawa mbele kwa siku moja. Sababu ilikuwa saa. Windows huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa saa za hapa, Linux huichukulia kuwa ni ya UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na kuongeza tatu. Kompyuta isipokuwa na intaneti ya kuisahihisha, kazi iliyohifadhiwa saa nne usiku hupata saa saba usiku, na kwa kalenda ya kompyuta hiyo ni kesho. Tulipolijua hilo, zilizobaki zikaingia mahali pake. Dawa yake ni amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1. Linux itanung'unika kidogo lakini itafuata.

Mafaili yaliyofunikwa hayakurudi. Video chache zilikatika katikati, mbili za ndoa msikitini hazikufunguka kabisa. Ya mteja wa Oman ilipatikana nzima.

Windows iifikie vipi diski ya Linux

Baada ya hapo Bi Mkubwa alitaka Linux iondolewe. Kijana naye alitaka jambo moja: azione kazi zake bila kuzima Windows. Ombi lake lilikuwa la haki, na kulipuuza ndiko kulikotufikisha pale.

Draiva ya bure inayotajwa sana, Ext2Fsd (draiva hapa ni programu inayoiwezesha Windows kusoma ext4), niliikataa. Toleo lake la mwisho, 0.69, ni la mwaka 2017, na mtengenezaji mwenyewe alishawaonya watu kwamba matoleo yaliyotangulia yanaweza kuharibu ext4 za siku hizi zenye mfumo wa biti 64. Paragon wana draiva ya kulipia inayosoma na kuandika. Ni chaguo halali kwa anayehitaji kila siku. DiskInternals Linux Reader ni ya bure na husoma tu, huwezi kuandika hata ukitaka. Kwa mtu anayetaka kuchukua faili moja mara moja kwa mwezi, mimi ningeishia hapo, na hiyo ndiyo niliyoiweka kwa dharura.

Kisha tukajaribu njia ya Windows yenyewe, WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. WSL inaweza kupewa diski nzima na kuifungua kwa kernel halisi ya Linux, yaani kiini chake, kwa hiyo ext4 inasomwa na mwenyewe anayeijua. Inataka PowerShell ifunguliwe kama msimamizi:

wsl --mount \\.\PHYSICALDRIVE1 --bare

Niliongeza --bare makusudi. Ukiiacha WSL ifungue patisheni yenyewe, chaguo la kusoma tu halipokelewi. Kwa --bare diski inaingia bila kufunguliwa, kisha ndani ya WSL unaifungua unavyotaka:

sudo mkdir /mnt/ghala
sudo mount -o ro,noload /dev/sdd2 /mnt/ghala

Herufi sdd zinaweza kuwa nyengine, lsblk itakuambia. Neno noload linaizuia ext4 isirudie yaliyomo kwenye jarida lake, ambamo huandika kwanza mabadiliko, maana hata kurudia huko huandika kwenye diski. Baada ya hapo, katika Windows unaandika \\wsl.localhost\Ubuntu\mnt\ghala na folda zinatokea kama za kawaida.

Zilipotokea, Bi Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yetu. "Kumbe Windows ilikuwa inaweza kuziona siku zote hizi?"

Ndiyo, iliweza. Tena bila kuulizwa neno la siri. Ruhusa za mafaili katika Linux hufuata namba ya mtumiaji, na mtumiaji wa kwanza wa Mint ni 1000, wa kwanza wa Ubuntu ndani ya WSL naye ni 1000. Kwa kompyuta ni mtu mmoja. Na aliye msimamizi hahitaji hata bahati hiyo.

WSL ilikuwa na vikwazo vyengine vilivyotusaidia kuamua. Diski huchukuliwa nzima, huwezi kutoa patisheni moja ukabaki na nyengine. Kama Windows ingekuwa kwenye diski hiyo hiyo njia hii isingefanya kazi, na kwenye kompyuta nyingi za mkononi zenye diski moja ndivyo ilivyo. Ukizima kompyuta, kesho unaanza upya. Flashi na kadi za kumbukumbu hazikubaliki. Kijana alijaribu siku kadhaa, akaona kuandika amri kila asubuhi ni usumbufu.

Uamuzi wa mwisho na hali ilivyo

Tuligeuza swali. Kazi za kijana hazina haja ya kukaa kwenye ext4, kwa hiyo tukazitoa huko. Diski ya zamani, baada ya Bi Mkubwa kuridhika na nakala, ilifutwa na kupangwa upya: patisheni ya NTFS kwa video za ndoa msikitini na kazi za kaunta, ambayo pande zote mbili zinaisoma, na patisheni ya pili iliyofungwa kwa LUKS, kufuli la Linux linaloficha data kwa neno la siri, yenye ext4 ndani, kwa video za wanawake. Hii inafunguliwa upande wa Linux tu, kwa neno la siri. Misimbo yake niliikagua kwa gdisk: ya LUKS ni 8309, kwa hiyo Windows haiipi herufi wala haiiulizi kitu.

Linux kuandika kwenye NTFS si tatizo siku hizi. Toleo imara la draiva ya ntfs-3g lipo tangu 2007, na tangu kernel 5.15 ya mwaka 2021 kuna draiva ya ndani kabisa. Tatizo liko kwa Windows: tangu Windows 8, ukiizima haizimiki kikamilifu, hulala nusu ili iwake haraka, na NTFS inaachwa kama bado iko mkononi mwake. Linux ikiikuta hivyo hukataa kuandika, na ni haki yake. Tulizima tabia hiyo kwa powercfg /h off. Windows sasa inachelewa kidogo kuwaka.

Akaunti ya kijana nayo imeshushwa, si msimamizi tena.

Uchambuzi

Nianze na kijana, kwa sababu lawama zote zilimwangukia siku za mwanzo. Aliulizwa swali la uongo na mashine, akiwa na mteja mbele yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia E: ni nini. Kumfundisha ni lazima, lakini ulinzi uliotegemea kila mtu abonyeze sawasawa kila siku ulikuwa ni dhaifu tangu mwanzo. Akaunti isiyo ya msimamizi ingekataa kufomati diski ya ndani, pale pale. Haikugharimu senti, na haikuwepo.

Kosa la msimbo ni dogo kwa kulitazama na kubwa kwa matokeo. Mwenye diski ya Linux ambayo Windows yake humletea kidirisha cha kufomati asikifunge tu na kuendelea. Aende kwenye gdisk au GParted akatazame msimbo. Kuubadilisha kutoka 0700 kwenda 8300 hakugusi data hata kidogo, na kidirisha hakitarudi. Hata hivyo patisheni itaendelea kuonekana kwenye programu ya Windows ya kusimamia diski, na mwenye haki za msimamizi anaweza kuifuta huko.

Dhana ya kwamba "Windows haioni" ni ulinzi ndiyo niliyoiona ina madhara zaidi kuliko msimbo wenyewe. Iliwafanya wasifunge kwa neno la siri, kwa kuwa waliona pameshafichwa, na wasiwe na nakala ya pili, kwa kuwa waliona hapaguswi. Palikuwa wazi kwa anayejua, na pa hatari kwa asiyejua.

Kilichofanya kazi: kuzima mapema, kungoja diski, na kutofanya lolote juu ya ile ya asili. Daftari la karatasi lilirudisha majina ambayo hakuna programu ingeyarudisha, na lilituwezesha kufanya kazi yote bila mwanamme kutazama kisichomhusu. Kuzitenganisha kazi za pande mbili kungefanywa siku SSD ilipojaa, kisa hiki kisingekuwepo.

Kuhusu kuondoa Linux, sikukubaliana na Bi Mkubwa, na baada ya kuona LUKS ikifanya kazi aliliacha. Lakini LUKS imekuja na hatari yake: kichwa chake, yaani kipande cha mwanzo chenye funguo, kikiharibika, hata mwenye neno la siri hafungui. Nakala ya kichwa hicho ilichukuliwa kwa cryptsetup luksHeaderBackup na imewekwa kwenye flashi mbili. Neno la siri wanalo yeye na binti yake peke yao. Diski mpya, nayo ikiwa imefungwa vivyo hivyo, inakaa nyumbani kwake na huletwa studio kila harusi kubwa ikimalizika, wakaongeza kilichozidi, ikarudi.